Kwa nini mtoto aliyekonda sana hapewi serumu wala sahani kubwa siku za kwanza



Swali la juma hili limetufikia kutoka kikundi kimoja cha Kasongo, na kabla hatujalijibu likaja tena kutoka upande wa Kabambare, kwa maneno karibu yaleyale. Mama amepeleka mtoto hospitali. Mtoto amebaki ngozi na mifupa, au miguu imevimba na nywele zimekuwa nyekundu. Mama anatarajia mtoto awekewe serumu na apewe chakula cha kushiba. Badala yake mtoto anapewa maziwa mepesi, nusu kikombe. Baada ya saa tatu, nusu kikombe tena. Siku ya pili ni vilevile. Mama anajiuliza: mtoto wangu anakufa kwa njaa, nao wanampimia maziwa kama dawa ya kikohozi? Usiku wa tatu anafunga kitenge, anabeba mtoto, anakwenda kwa mtu mwenye chumba chake cha dawa, ambako serumu inatundikwa bila maswali mengi, mradi pesa ipo.

Hasira hiyo tunaielewa. Inatoka kwa mama anayempenda mtoto wake. Lakini ile safari ya usiku inaweza kumwua mtoto kuliko njaa yenyewe, na wengi wetu hatujawahi kuelezwa sababu. Sababu moja kubwa inaitwa fosfati.

Kwanza tuifungue chupa ya serumu tuone kilichomo. Serumu ya glukosi tunayoiona zaidi, ile ya asilimia 5, ina maji na sukari. Chupa ya nusu lita ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko vidogo vitano au sita hivi. Nguvu yake haizidi kalori 100. Paketi moja ya Plumpy'Nut, ile ya gramu 92 ambayo mtoto anainyonya akicheka, ina kalori 500. Kwa hiyo zingehitajika chupa tano au zaidi kulingana na paketi moja, na hata hapo chupa hazina protini, hazina mafuta, hazina vitamini wala madini. Serumu ya chumvi, hiyo ndiyo kabisa: ni maji na chumvi. Serumu ni dawa nzuri kwa kazi yake. Kulisha mtu si kazi yake.

Sasa fosfati. Ni madini ya mwilini. (Tukisema madini, wamama wa Salamabila, hatusemi dhahabu ya Namoya.) Sehemu kubwa imo katika mifupa na meno, kidogo iko katika damu na nyama za mwili, na hicho kidogo kinafanya kazi isiyopumzika. Mnajua shida ya kwenda sokoni na noti kubwa wakati hakuna mwenye kuivunja. Unayo pesa mkononi lakini huwezi kununua hata chumvi. Chakula ni ile noti kubwa. Fosfati ndiyo inayouwezesha mwili kuivunja iwe pesa ndogo za matumizi: ya kupiga moyo, ya kuvuta pumzi, ya kuinua mkono. Ikikosekana, sukari inaweza kujaa katika damu na moyo bado ukakosa nguvu ya kupiga.

Mtu aliyekaa na njaa majuma mengi amekuwa akiishi kwa kuula mwili wake mwenyewe, mafuta kwanza kisha nyama. Mwili umepunguza moto: moyo unapiga polepole, figo na ini zinafanya kazi kidogo. Muda huo wote fosfati, potasiamu na magnesiamu zimekuwa zikitoka taratibu na kupotea kwa mkojo. Ajabu yake ni kwamba ukipima damu siku hiyo, fosfati inaweza kuonekana ya kawaida, kwa sababu chembe za mwili zimetoa akiba yao ndani ya damu. Akiba yenyewe imekwisha.

Halafu inakuja sukari nyingi kwa ghafula, kwa mdomo au kwa mshipa. Mwili unaamka. Insulini inapanda, chembe zote zilizolala zinafungua milango na kuvuta sukari ndani, na pamoja nayo zinavuta fosfati, potasiamu na magnesiamu zilizobaki katika damu. Damu inabaki tupu. Jambo hili hutokea zaidi katika siku tatu za kwanza, wakati mwingine hadi siku ya tano. Mtoto aliyekuwa dhaifu anakuwa dhaifu zaidi, anapumua kwa shida, anapata degedege au analala asiamke vizuri, moyo unapiga ovyo kisha unasimama. Nyumbani watu wanasema: alikuwa ameanza kula, amerogwa na nani? Tumeyasikia maneno hayo katika misiba, na tumeona jirani mzee wa watu akitazamwa kwa macho mabaya kwa kifo ambacho hakukijua.

Msidhani ni jambo la Afrika tu. Vita vikuu vya pili vilipokuwa vinakwisha mwaka 1945, watu waliookolewa kutoka kambi za wafungwa na miji yenye njaa walipewa chakula tele na askari waliowahurumia, na baadhi yao walikufa wakiwa wanakula. Baadaye madaktari wa Marekani waligundua njia ya kulisha mgonjwa kwa mshipa peke yake, mgonjwa ambaye matumbo yake hayafanyi kazi. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini mwaka 1972 madaktari wawili waliandika juu ya wagonjwa waliolishwa hivyo ambao walipata ganzi, udhaifu na degedege. Damu yao ilikuwa imeishiwa fosfati. Mwaka 1981 iliandikwa habari ya wagonjwa wawili waliokonda kwa muda mrefu, wakalishwa kwa mshipa kwa nguvu sana tangu mwanzo, wakafa. Walikufa katika hospitali zenye kila kitu. Tangu hapo chakula cha mshipa huanza kidogo, kinatiwa fosfati, na damu inapimwa.

Karibu na kwetu, mwaka 1998, watafiti waliokuwa Malawi walionyesha kwamba watoto wenye kwashiorkor, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kivu wanauita bwaki, walikuwa katika hatari zaidi ya kufa ikiwa fosfati ya damu yao ilikuwa imeshuka sana. Na utafiti uliotolewa mwaka 2016 kutoka hospitali ya Mulago, Kampala, una jambo ambalo kila mama wa Kasongo alisikilize, maana sisi ni watu wa mchele. Watoto wenye utapiamlo mkali waliokuwa wakinywa maziwa ya matibabu, fosfati yao ilipanda siku zilizofuata. Lakini wale ambao sehemu ya maziwa yao ilibadilishwa kwa uji wa mchele, fosfati yao ilipanda kidogo tu. Uji mweupe wa mchele unateremka vizuri na mtoto anaupenda. Ila ni wanga mtupu, hauna fosfati ya kutosha kwa mtoto wa namna hiyo. Kwa hiyo ukiwa hospitalini na bibi akaleta chupa ya uji wa mchele kwa mapenzi, mshukuru, na uunywe wewe mama.

Yale maziwa mepesi yanaitwa F-75 kwa sababu mililita 100 zina kalori 75. Yametengenezwa makusudi yawe na sukari na protini kwa kiasi, na ndani yake yametiwa potasiamu, magnesiamu, fosfati na vitamini. Kiasi chake hupimwa kwa uzito. Mtoto asiyevimba hupewa mililita 130 kwa kila kilo kwa siku nzima. Aliyevimba sana hupewa 100. Chukua mtoto wa kilo 6: ni mililita 780 kwa siku, ukigawa mara nane unapata karibu 100 kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Ndiyo hiyo nusu kikombe inayotukasirisha. Ukiongeza mara mbili kwa huruma, umevunja hesabu yote. Ukiruka ile ya saa nane usiku kwa sababu mtoto amelala, vilevile umevunja, maana mtoto huyo hana akiba na sukari ya damu yake inaweza kushuka kabla ya jua kutoka, na mwili wake ukapoa. Mwamshe anywe. Kama bado ananyonya, mnyonyeshe kwanza, kisha maziwa yafuate.

Jambo jingine linalowatisha wamama: mtoto aliyevimba atapungua uzito siku za kwanza. Ni maji yanayotoka. Miguu ikinywea na macho yakaanza kufunguka, kupungua huko ni habari njema, hata kama mizani inaonyesha kinyume. Uzito wa kweli utaanza kupanda baadaye, njaa ikirudi, ndipo wauguzi wanaanza kumpa Plumpy'Nut au maziwa mazito ya F-100, tena kwa siku mbili tatu za kuingia polepole.

Je, serumu haina nafasi kabisa? Inayo. Mtoto aliyezimia au kulegea kabisa, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo dhaifu na ya haraka, huyo anaweza kuwekewa serumu, kwa kipimo, muuguzi akiwa hapohapo anahesabu pumzi zake. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anayeharisha lakini bado ana nguvu ya kumeza hupewa maji maalumu ya kunywa yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto kama yeye. Moyo wake ni mchovu. Ukimjaza maji mengi kwa mshipa unaweza kushindwa kuyasukuma, naye akazama kwa ndani. Hiyo ni sababu ya pili ya kukimbia chumba kile cha serumu bila maswali.

Tuseme wazi ili tusieleweke vibaya: hatusemi mwenye njaa anyimwe chakula. Mtoto aliyekonda kiasi, anayecheza, mwenye hamu ya kula, mpe chakula kizuri leo, na ongeza mara za kula. Hata mtoto ambaye kamba ya rangi imefika nyekundu, yaani mkono chini ya milimita 115, kama hajavimba sana, ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine mkali, atapewa Plumpy'Nut pale pale kituo cha afya na kurudi nyumbani, kisha atapimwa kila juma. Muuguzi atamjaribu kwanza kama anaila paketi. Anayekataa kula, aliyevimba sana, mwenye homa kali au anayelegea, huyo ndiye wa kulazwa UNTI na kuanza na nusu kikombe. Kujua uvimbe ni rahisi: bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba ukihesabu hadi tatu. Shimo likibaki miguu yote, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama uso wake umejaa na jirani anasema amenenepa.

Wakubwa nao yanawapata. Kabambare imeona watu wakikimbia risasi na kukaa msituni majuma kadhaa kwa mizizi na maji. Wanapotokea barabarani, desturi yetu ni kuchinja kuku na kupika sufuria kubwa. Ni desturi nzuri, na tunaomba iongezewe subira. Mtu mzima ambaye hakula kitu cha maana kwa siku tano au zaidi aanze kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na chakula chenye samaki, maharagi au karanga, si ugali mkubwa na chai ya sukari nyingi peke yake. Akiwa amekonda sana, au mgonjwa wa kifua kikuu, au mlevi wa siku nyingi, apite kituo cha afya kabla ya karamu. Dada zetu Waislamu wametuuliza kuhusu Ramadhani: hapana, anayefuturu kila jioni na kula daku hayumo katika hatari hii.

Na mja mzito anayetapika kila kitu majuma mawili, matatu. Huyo mara nyingi anawekewa glukosi chupa baada ya chupa, watu wakidhani analishwa. Sukari hiyo inamaliza vitamini B1 mwilini, na ubongo wake unaweza kuumia. Anatakiwa apewe vitamini B1 kabla ya sukari. Mume au mama mkwe anayemsindikiza anaweza kuliuliza hilo kwa sauti ya adabu: daktari, amepata B1?

Baadhi yetu tuna ndugu waliopelekwa mbali, Bukavu, Kampala au Nairobi, kwa upasuaji wa matumbo au na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Huko wanaweza kukutana na chakula kamili cha mshipa, mfuko mkubwa wenye sukari, protini, mafuta na madini. Mtoto aliyezaliwa mapema anahitaji fosfati na kalsiamu humo, maana ndiyo mifupa yake. Kwa mkubwa, fosfati inatiwa kwa sababu zile tulizozieleza. Msindikizaji ana haki ya kuuliza: damu ya mgonjwa wetu inapimwa fosfati, potasiamu, magnesiamu na kalsiamu mara ngapi? Figo zake zinafanya kazi vizuri? Swali la figo si la bure. Figo ndizo zinazotoa fosfati iliyozidi, na ikizidi inateremsha kalsiamu ya damu, vidole vinakaza na moyo unasumbuka.

Fosfati ya mshipa haisukumwi kwa sindano mara moja. Inapita polepole, kwa saa kadhaa. Ukiona mtu ameongeza kasi ya mfuko ili umalizike upesi, ita muuguzi. Usitie kitu kingine chochote katika mfuko huo, hata kama mtu amekushauri kuongeza dawa ya nguvu. Fosfati na kalsiamu zikichanganywa vibaya zinagandana kama chokaa, na vipande hivyo vikienda na damu vinaziba mapafu. Mwaka 1994 idara ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo baada ya watu wawili kufa. Mgonjwa mwenyewe aseme upesi akisikia ganzi mdomoni au vidoleni, misuli kukaza, udhaifu mpya, moyo kwenda mbio, au pumzi kuwa fupi. Na aseme dawa zote anazomeza, pamoja na zile za kutuliza kiungulia zenye aluminiamu, kwa kuwa zinaikamata fosfati tumboni isiingie mwilini. Vidonge vya fosfati vya kununua sokoni, tuviache. Dawa hii bila kupima damu ni bahati nasibu.

Nyumbani, baada ya kutoka hospitali, fosfati inapatikana katika vyakula tunavyovijua: ndagala wanaoliwa na mifupa yao, samaki wa Lualaba na Luama, mayai, maziwa, nyama, karanga. Maharagi na mahindi yanayo pia, lakini sehemu yake imefungwa, mwili hauifikii yote. Kuloweka maharagi usiku na kumwaga maji yake, au kuchachusha unga wa uji, kunafungua sehemu. Ndagala waliosagwa, kijiko kimoja ndani ya sombe yenye mawese, ni kitu ambacho nyumba nyingi zinaweza. Na Plumpy'Nut ni ya yule aliyeandikiwa. Tukigawa paketi kwa watoto wanne au kuiuza sokoni, mgonjwa anarudi palepale alipotoka.

Limebaki moja, na ni letu sisi wa vikundi. Wamama wengi wanaotoroka hospitali hawatoroki kwa sababu ya serumu peke yake. Wameacha watoto watatu nyumbani, shamba linaliwa na ndege, na wao wenyewe hawajala tangu jana. Kikundi kikisikia mwenzetu amelazwa na mtoto, kikae siku hiyohiyo na kupanga majina: nani atalala na wale watoto wa nyumbani, nani atapeleka chakula cha mama asubuhi na jioni, nani atashika zamu ya saa nane usiku angalau mara mbili kwa juma ili mama alale. Andikeni majina kwenye karatasi na kumpa mama ayaone, ajue ya kuwa nusu kikombe cha usiku kina mtu wa kukishika.